Hajanipiga hata siku moja

Jamani mwaka wa 11 huu niko Uingereza na kila shughuli ya Wabongo lazima atokee kaka mmoja aseme huku Ulaya wanaume ndo wanaonyanyaswa, mwanamke anapiga simu tu polisi wanakutoa na begi lako. Wanaume wanaoteswa wapo na si jambo la kuchekea, hesabu za serikali za England na Wales za mwaka ulioishia Machi 2023 zinasema waliofanyiwa ukatili wa nyumbani ni wanawake kama milioni 1.4 na wanaume kama 751,000, humo wamo na wanaotendwa na ndugu zao. Ila njoo kwenye kuuawa sasa. Umoja wa Mataifa walihesabu 2017 dunia nzima, katika kila 100 waliouawa na wenza wao 82 ni wanawake. Na 2024 hapo Kenya, Rebecca Cheptegei wa Uganda ametoka kukimbia marathoni ya Olimpiki Paris, haujapita mwezi aliyekuwa mpenzi wake kammwagia petroli na kumchoma moto, akafa.

Mimi nimelelewa Muheza nyumba ya kupanga, ukuta mmoja na baba anayempiga mkewe kila akilewa. Zikianza kelele majirani wote wanatoka, wanagonga mpaka mlango ufunguliwe, yule mama analetwa chumbani kwetu, mama yangu anamkanda uso kwa maji ya moto na chumvi na mimi ndo nimeshika beseni. Asubuhi wazee wanakaa, baba wa watu anaomba radhi, jioni doti ya khanga, mama anarudi. Na mama yangu huyohuyo aliyemkanda ndo anamwambia kavumilie mwanangu. Wakati Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 66 inasema kabisa hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzie! Sasa utafiti wa afya Tanzania wa 2015-16 uliuliza kama kuna sababu mume anaweza kumpiga mke, wanawake 58 kwa 100 walisema ipo, wanaume 40. Tumewazidi. Nilivyosoma hilo nikalikumbuka beseni.

Huku jirani hagongi, na mara nyingi hakuna hata kelele. Kazini nina dada wa Mombasa, mumewe hajamgusa ila kadi ya benki anashika yeye, paspoti anayo yeye, simu anaikagua, akichelewa basi moja anaulizwa alikuwa wapi. Miaka yote anajiambia mimi sipigwi. Kumbe tangu 2015 sheria ya hapa inaita hilo kosa la jinai, mume anaweza kufungwa. Alishaambiwa pia ukiondoka unarudishwa Kenya, na si kweli, aliyekuja kwa viza ya ndoa na ndoa ikavunjika kwa ukatili anaruhusiwa kuomba kubaki mwenyewe bila huyo mume. Dada zangu mlioko huku naomba mlishike hili.

Nilimwambia hayo saa 11 alfajiri kituoni tunasubiri basi. Akasema, "Lakini hajanipiga hata siku moja dada." Basi halijafika simu yake ikawa imeita mara mbili.