Kitabu cha mapishi kilingane bei na sahani ya chipsi mayai

"Tia tui kiasi." Kiasi gani? Sentensi hiyo bado inachapwa kwenye vitabu vya mapishi ya Tanzania, vitabu vya jalada gumu ambavyo bei yake inazidi kujaza mtungi mdogo wa gesi. Picha zinang'aa, vitumbua jikoni vinatoka bapa.

Tunachohitaji ni kijitabu. Karatasi 8 za A4, zikunjwe katikati, zipigwe pini: kurasa 32, chakula kimoja kila ukurasa. Nafasi iliyobaki itumike kueleza kinachoharibika na sababu yake.

Chukua hivyo vitumbua. Mchele vikombe 2, uloweke usiku kucha, uchuje maji yote. Usage na tui zito kikombe 1 na robo, wali uliopikwa vijiko 2 vikubwa, hiliki, na hamira kijiko 1 cha chai, mpaka usisikie chenga ukiupapasa kwa vidole. Sukari nusu kikombe. Sukari ikiyeyuka hulegeza uji, kwa hiyo usiongeze tui hata ukiona mzito. Uji mwepesi haushiki hewa, na kitumbua kinakunywa mafuta. Ukiachwa uumuke kupita kiasi, unachachuka na kutitia. Moto uwe wa wastani: ukali unaunguza chini na kuacha katikati kubichi. Kikaango kipya kipake mafuta, kipashe moto, kifute, urudie mara tatu, la sivyo vitaganda vyote.

Maelezo hayo hayajazi hata ukurasa mmoja wa kijitabu. Nakiri, picha moja ya rangi ingesaidia kuonyesha kahawia inayotakiwa. Moja tu.

Na chipsi mayai ziwemo, zisionewe haya. Ndicho chakula chetu cha mjini. Chipsi zikaangwe zikauke kwanza. Zenye maji hurusha mafuta na yai halizishiki. Urojo wa Unguja, mchuzi mzito wa unga, uwemo: unga ukorogwe kwa maji baridi kabla ya kwenda motoni, usije ukawa mabonge. Mtori wa Kilimanjaro, yaani supu ya ndizi, na ming'oko ya Lindi na Mtwara, mizizi ya porini, kila kimoja na ukurasa wake.

Vipimo viandikwe kwa kikombe na kijiko, maana mizani jikoni kwetu ni chache. Na jalada lipakwe plastiki, kwa sababu litashikwa na mikono yenye mafuta.