Chandarua cha Bure, Chandarua cha Kununua: Kazi ya Mtafiti ni Ipi?

Mwaka 1971 wasomi wa masoko Philip Kotler na Gerald Zaltman walichapisha makala iliyoipa jina taaluma ya masoko ya kijamii, yaani kuazima hila za mfanyabiashara, bei yake, tangazo lake na duka lake, ili watu wabadili mwenendo kwa faida ya afya zao. Mtafiti anayeshika njia hiyo hapa Kenya hukutana mapema na ugomvi wa chandarua: kiuzwe au kitolewe bure?

Kwamba chandarua chenye dawa huokoa maisha si jambo la kubishaniwa tena. Majaribio yaliyofanywa Kilifi, pwani ya Kenya, yakachapishwa mwaka 1996, yalionyesha vifo vya watoto wadogo vikipungua kwa takriban theluthi. Waliotetea kuuza kwa bei nafuu walisema kwamba kitu cha bure hakithaminiwi, na kwamba duka hubaki mtaani hata mfadhili akishafunga virago. Hoja hiyo ya pili ina uzito, kwa kuwa misaada huja na kuondoka kama pepo za msimu. Ile ya kwanza haikustahimili vipimo. Wanauchumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, waliwapa wajawazito wa magharibi mwa Kenya vyandarua kwa bei mbalimbali. Bei ilipopanda kutoka bure hadi shilingi 40 tu, waliochukua walipungua kwa pointi 60 za asilimia, wala walionunua hawakuonekana kuvitumia zaidi ya waliopewa. Serikali ilikuwa imekwisha kugawa mamilioni bure mwaka 2006.

Je, masoko ya kijamii yalishindwa? Sioni hivyo, maana bei ni sehemu moja tu ya taaluma hiyo, na pengine ndiyo iliyopigiwa kelele kupita kiasi. Ingia chumba cha kupanga Kisauni, Mombasa, usiku wa kaskazi. Paa ni la bati, joto limejifungia ndani, na chandarua kimefungwa vizuri juu ya kitanda cha futi nne wanacholalia baba, mama na kichanga. Watoto watatu wakubwa wamejinyoosha kwenye mkeka karibu na mlango, wanakopata upepo, na mbu pia. Nyumba hii ilikipata bure, inajua faida yake, na bado nusu ya wakaazi wake wamelala wazi. Tangazo la redio haliwafikii hao, wala ruzuku. Anayeweza kuwafikia ni mtafiti aliyekubali kukaa na mama huyo hadi ajue chandarua kingine kingetundikwa wapi na kwa misumari ipi.

Kazi ya namna hiyo haina sifa kubwa, nami nadhani ndiyo maana wengi huikwepa. Dodoso linalouliza “Una chandarua?” hujazwa kwa dakika moja na hupendeza kwenye ripoti. Linalouliza “Jana usiku nani alilala wapi?” humlazimu mama kuwataja watoto mmoja mmoja, akionyesha kwa kidole, na akifika mlangoni husita.