Listi yako ya sifa, moyo wako haujaisoma

Muulize mtu yeyote asiye na mpenzi anataka mwenza wa aina gani, atakupa listi utafikiri anatangaza nafasi ya kazi. Awe mrefu, awe na kipato chake, ajue kuvaa, asiwe mtu wa makelele, na awe na malengo (hili la malengo halikosekanagi). Afu baada ya miezi kadhaa unamkuta kang'ang'ania mtu mfupi, mropokaji, hana hela wala hilo lengo moja, na ukimuuliza imekuaje anakwambia we acha tu, huyu ni tofauti.

Watu wanasema karogwa, au kwamba mwanzoni alikuwa anajifanya. Mimi naona hakurogwa na wala hakudanganya. Alipokuwa anataja listi alikuwa anafikiria mtu ambaye hayupo, na siku alipokutana na mtu aliyepo, mwenye sauti na macho na namna yake ya kucheka, listi haikuulizwa kitu. Na hili limepimwa. Mwaka 2008 Paul Eastwick na Eli Finkel wa Chuo Kikuu cha Northwestern kule Marekani walitoa utafiti wao ambao waliwauliza wanafunzi kwanza wanataka nini kwa mpenzi, afu wakawakutanisha, unakaa na mtu dakika 4, zikiisha unahamia kwa mwingine. Kwenye karatasi majibu yalikuwa yaleyale tuliyoyazoea, wanaume wakatilia mkazo sura na wanawake wakatilia mkazo uwezo wa kipato. Kwenye viti mambo yakabadilika, sura iliwavuta wanawake kama ilivyowavuta wanaume, na kipato nacho hakikuonyesha tofauti ya maana kati yao, na kile mtu alichoandika kwamba ndo anachokitaka hakikusaidia kujua atampenda nani.

Simaanishi sura haina kazi. Macho hayana pazia bwana, na tunapenda kujifanya tuko juu ya hayo mambo wakati hatuko. Elaine Walster na wenzake pale Chuo Kikuu cha Minnesota, mwaka 1966 walitoa matokeo ya dansi moja ya wanafunzi wapya zaidi ya 700, ambao waliambiwa kompyuta itawatafutia mtu wa kuendana nao kwa kuangalia fomu walizojaza. Kompyuta haikutafuta chochote, walipangwa kama karata tu, isipokuwa waliangalia mwanaume asipangwe na mwanamke aliyemzidi urefu (hata wanasayansi walijua hapo pangechimbika). Waliokuwa wanauza tiketi walikuwa wanamwangalia kila anayekuja na kumpa maksi za sura kimyakimya. Mapumzikoni wakaulizwa umempenda uliyepewa? Akili haikusema kitu, tabia zilizopimwa hazikusema kitu, kilichosema ni sura peke yake, kwa wanaume na kwa wanawake.

Ila angalia, hiyo ni jioni moja kati ya watu wasiojuana. Hapo ndo mahali sura inatawala, na ndo mahali ambapo mjadala mzima wa mtandaoni umekwama. Kuna hawa walimu wetu wa mahusiano wanaopenda kunukuu utafiti wa David Buss wa mwaka 1989, watu zaidi ya 10,000 kwenye tamaduni 37, kwamba wanaume kila mahali wanataka uzuri na wanawake wanataka hela, mjadala umefungwa. Ni kweli tofauti hiyo ilionekana, siipingi. Ila hao hao watu, wake kwa waume, kati ya sifa walizoziweka juu kabisa kulikuwa na wema na akili na mtu wa kumtegemea, na hiyo sehemu huwa haisomwi, nadhani kwa sababu haiuzi kozi.

Au hili la figa namba nane, ambalo wanasema limeandikwa kwenye damu. Mwaka 1993 Devendra Singh aliwaonyesha wanaume michoro ya wanawake, na uliopendwa ulikuwa ule ambao mzunguko wa kiuno ni 0.7 ya mzunguko wa nyonga. Sawa. Miaka 5 baadae Douglas Yu na Glenn Shepard wakapeleka michoro ya aina hiyo kwa Wamatsigenka, kabila moja la kule Peru, kwenye kijiji ambacho matangazo na magazeti yalikuwa hayajafika, na wanaume wa pale wakachagua mwanamke mnene asiye na kiuno chembamba, yule wa namba nane wakamuona kama mtu aliyetoka kuugua. Kwa hiyo sehemu ya ladha yetu inaweza ikawa ya kuzaliwa nayo, ila sehemu nyingine ni kile ambacho jicho limelishwa tangu utotoni.

Jicho kuzoea ndo jambo ambalo mimi naona halipewi heshima yake. Richard Moreland na Scott Beach, 1992, walichukua wasichana wanne wanaofanana fanana kwa muonekano wakawaingiza kwenye darasa kubwa la chuo. Mmoja hakuhudhuria hata mara moja, mwingine alihudhuria vipindi 5, mwingine 10, mwingine 15. Walikuwa wanaingia, wanakaa mbele wanapoonekana, hawaongei na mtu, kipindi kikiisha wanaondoka. Mwisho wa muhula wanafunzi wakaonyeshwa picha zao, karibu wote wakasema hawa hatuwajui, ila aliyehudhuria mara nyingi zaidi ndo aliyeonekana anavutia zaidi. Yani hukumbuki kama umewahi kumuona ila ushaanza kumpenda! Sasa piga picha mtu wa ofisi moja na wewe ambae mnasalimiana kila asubuhi mwaka mzima, na bado unashangaa imekuaje ukaanza kuangalia mlangoni akichelewa.

Afu kuna daraja. Hili napenda kulisimulia. Daraja la Capilano liko Kanada karibu na Vancouver, ni la kuning'inia, urefu kama mita 137, waya za kushikia zilikuwa za chini chini, upepo ukipiga linayumba na chini yako kuna mita 70 hadi kwenye mawe na maji. Donald Dutton na Arthur Aron walimweka dada mmoja pale, mwanaume akija anamsimamisha, anamwomba ajibu maswali kidogo na atunge stori fupi kuhusu picha. Wakimaliza dada anachana kona ya karatasi, anaandika jina na namba ya simu, anasema ukitaka kujua zaidi kuhusu huu utafiti nipigie. Kazi hiyo hiyo ikafanyika kwenye daraja lingine la mbao, imara, lililo mita 3 tu juu ya maji. Waliochukua namba kwenye daraja la kutisha walikuwa 18 na 9 wakapiga, kwenye lile imara walichukua 16 wakapiga 2. Hii ilitoka 1974. Moyo ulikuwa unadunda kwa woga, mikono ina jasho, na akili ikitafuta sababu ikamuona dada amesimama mbele yake.

Kabla hujaanza kuwapeleka watu kwenye madaraja, Gregory White na wenzake mwaka 1981 waliwaambia wanaume wakimbie papo hapo waliposimama ili moyo uende mbio, afu wakawaonyesha video ya mwanamke. Akiwa amependeza walimpenda zaidi, akiwa amefanywa asipendeze walimchukia zaidi. Kwa hiyo moyo kwenda mbio unakuza tu kile ambacho tayari kipo, kizuri au kibaya.

Na ndo maana sielewi hizi apu za kutafutia wapenzi zinapotuambia zinatumia hesabu kutuletea mtu wetu. Samantha Joel na hao hao Eastwick na Finkel walijaribu, 2017, wakaipa kompyuta majibu ya maswali zaidi ya 100 ambayo kila mtu alijibu kabla ya kukutana na wenzake. Iliweza kukisia kidogo nani kwa ujumla anapendwa na wengi na nani ni mwepesi wa kupenda, ila kukisia kwamba fulani na fulani damu zao zitaendana ikashindwa kabisa. Apu inachofanya ni kukuweka kwenye ile dansi ya 1966 kila siku, sura kwanza na watu wasiojuana, afu unalalamika watu wa siku hizi wanaangalia sura tu.

Nje ya simu mambo yanaenda kivingine. Lucy Hunt, na tena Eastwick na Finkel, mwaka 2015 waliangalia kapo 167. Walioanza mapenzi mara tu baada ya kujuana walikuwa wanalingana uzuri, mzuri kwa mzuri, wa kawaida kwa wa kawaida. Waliojuana muda mrefu kabla, au walioanza kama marafiki, hawakulingana sana. Kwa hiyo ile kapo mnayoijadili kwenye grupu, kwamba yule dada na uzuri wote ule yuko pale anafuata nini, lazima jamaa ana hela, inawezekana hamna hela yoyote, walikuwa majirani miaka minne na siku moja wakaangaliana vizuri. Kipenda roho hula nyama mbichi. Na kwenye utafiti huo kulingana kwa sura hakukuwa na uhusiano na nani anaridhika zaidi na mapenzi yake, wasiolingana walikuwa wanaridhika kama wenzao tu, wakati nyie kwenye grupu mko meseji ya mia mbili mnawahesabia siku.