Kuku Wangu, Bustani ya Jirani

Asubuhi ile mama jirani hakufoka. Alipiga hodi langoni, nikatoka, nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Njoo uone." Nikamfuata hadi bustanini kwake. Miche ya chainizi aliyoipandikiza jana yake jioni, mistari minne, ilikuwa imefukuliwa yote, mizizi juu. Katikati ya tuta lile laini tetea wangu mwekundu amelala ubavu, anajirushia udongo mbawani, amefumba jicho moja, kama yuko kwao.

Nilimlipa mama miche yake. Lakini aibu ya siku ile imenifanya niseme wazi ninachoamini: mwenye kuku ndiye anayepaswa kuzungushia uzio, si mwenye mboga. Huku Uyole, Mbeya, mtu akilalamikiwa, jibu lililo tayari ni, "Kuku ni kuku, wewe zungushia bustani yako." Jibu hilo lilifaa wakati kati ya nyumba na nyumba kulikuwa na shamba la viazi. Leo viwanja vimebanana, dirisha la huyu linatazama jiko la yule. Mama yule anakula na kusomesha kwa mboga zile.

Nami nilikuwa na uzio, tena wa mabanzi, mrefu kunipita kichwa. Kosa lilikuwa juu. Fundi alipigilia ubao bapa kuzunguka uzio wote ili upendeze, na kuku wa kienyeji akiona mahali pa kutua anaruka, anatulia pale, kisha anachagua upande wa kushukia. Niling'oa ubao ule, nikaweka wavu uliolegea usio na kitu cha kukanyaga. Wengi waliacha kuruka wiki hiyo hiyo. Wawili walioendelea niliwapunguza manyoya marefu ya bawa moja, moja tu, ili wakiruka wapoteze mizani. Haiwaumi mradi unyoya umeshakomaa. Unyoya mchanga bado una damu ndani, huo usiuguse. Wakipukutisha manyoya na kuota mapya, unarudia. Chini nako nilikunja wavu kuelekea nje na kuufukia, kwa sababu kicheche haruki uzio, anachimba.

Hata hivyo uzio peke yake ni nusu ya kazi. Kuku hatoroki kwa ukaidi. Anatafuta kijani, wadudu na udongo mkavu wa kuogea vumbi. Vyote hivyo vilikuwa kwa jirani, kwangu kulikuwa na sakafu tupu. Sasa kwenye kona yenye paa nimeweka udongo mkavu na majivu ya jikoni, na majani ya kabichi nayaning'iniza kwa kamba wayarukie. Saa moja nzima wanashughulika nayo.

Na wale unaowanunua sokoni, usiwafungulie siku ya pili. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mfugaji anaijua maana yake halisi: mfungie ndani wiki moja au mbili alale bandani, apajue, ndipo umtoe.

Linaloniuma kuliko chainizi ni mdondo, ule ugonjwa wa kuku uitwao pia kideri. Ukiingia kwa kuku wasiochanjwa unaweza kumaliza banda zima kwa siku chache, na kuku wanaozurura ndio wanaoutembeza, kinyesi mguuni, nyumba hadi nyumba. Chanjo ipo, tone moja la jicho, unarudia kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, kwa hiyo busara ni majirani kuchanga na kuchanja siku moja. Kwetu tumeanza nyumba tatu. Ya nne bado inasema kuku wake ni wagumu, hawaugui, na kila nikiwaona wakipita barabarani moyo unanilipuka.

Najua hoja ya gharama. Pumba na mashudu si bure, na kuku anayejitafutia anaonekana nafuu. Lakini mayai anayotaga kwenye michongoma ya watu hesabu yake nani anaiweka? Na yule aliyekanyagwa na bajaji? Wala sisemi wafungiwe mchana kutwa. Hilo nalo ni kuwatesa, wanaanza kudonoana. Mimi nafuga nusu huria: asubuhi wanakaa ndani hadi watage, mchana wanatoka ndani ya uzio, saa 12 jioni wanarudi wenyewe. Juni na Julai, baridi inapokaza, naongeza maranda sakafuni na kuacha matundu ya hewa juu, maana banda lililozibwa kabisa linajaa harufu kali ya kinyesi na kuku wanakohoa.

Nguzo zangu za mianzi zimeanza kuoza chini. Nimeshaagiza nguzo sita za milingoti, nataka ziwe zimesimama kabla mvua za Novemba hazijaanza, na ule upande wa kwa mama ndio nitakaouanza.