Pindo katikati ya khanga: mafuvu tumeyabishia vya kutosha, tuangalie damu

Juzi kijiweni Magomeni, kwenye benchi la kahawa na kashata, mzee mmoja alitoa daftari la historia la mjukuu wake aliye kidato cha kwanza. Ukurasa aliofunua ulikuwa na ule mchoro tunaoujua sote: kushoto sokwe kainama, anafuata aliyeinuka kidogo, kisha mwingine, mpaka kulia kabisa kuna mtu kasimama wima. "Haya mwalimu," akaniambia, "huyu wa mwanzo ni babu yako au babu yangu?" Benchi zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka nao. Swali lilikuwa zuri na mchoro ni mbaya.

Nimeusoma mchoro huo nikiwa mwanafunzi, nikaja kuufundisha, na siku hizi naona ndio ulioharibu mjadala wetu. Unachora ngazi, wakati nadharia ya mageuko ya viumbe inazungumzia ukoo. Sokwe wa Gombe hakumzaa mtu. Yeye na sisi tuna mzazi mmoja wa kale, aliyeishi miaka milioni sita au saba iliyopita, kisha kila tawi likashika njia yake. Kwa hiyo lile swali la "mbona sokwe bado wapo?" ni sawa na kumuuliza mtu mbona binamu zake bado wapo ilhali yeye keshazaliwa. La kushangaza zaidi ni kwamba lugha yetu ina majina ya kutosha, sokwe, nyani, tumbili, kima, mbega, halafu bado tunasema "mtu katokana na nyani". Nyani, yule wa Mikumi anayevizia ndizi kwenye magari, hata kwenye orodha ya binamu wa karibu hayumo.

Lakini wanaoikataa nadharia hii si wajinga, na mimi siandiki kuwacheka. Niondoe kwanza hoja nyepesi. "Ni nadharia tu" ni mchezo wa maneno, kwani kwa wanasayansi nadharia ni maelezo yaliyopimwa, kama ile nadharia kwamba vijidudu huleta magonjwa, na hakuna daktari anayeacha kunawa mikono kwa sababu ni nadharia. Kuhusu dini, msimamo si mmoja. Papa Yohane Paulo wa Pili alisema mwaka 1996 kwamba mageuko ni zaidi ya dhana, na wapo wanazuoni wa Kiislamu wanaoyakubali kwa wanyama na mimea huku wakimtenga Adamu. Mwenye kutaka kuamini na kupima kwa pamoja ana wenzake.

Hoja nzito ni ya kidonda. Charles Darwin, mwanasayansi Mwingereza mwenye nadharia hii, ndiye aliyebashiri katika kitabu chake cha mwaka 1871 kwamba chimbuko la binadamu huenda ni Afrika, ila katika kitabu hicho hicho aliandika kwa dharau kuhusu watu aliowaita washenzi. Waliomfuata walikwenda mbali kuliko yeye. Mwaka 1906, huko New York, Ota Benga, kijana wa Kongo, aliwekwa kwenye banda la bustani ya wanyama pamoja na orangutani, jamaa wa sokwe, watu wakalipa nauli kwenda kumtazama. Na sisi tuna la kwetu. Mangi Meli, chifu wa Wachagga, alinyongwa na Wajerumani Moshi Machi 1900, na ukoo wake unaamini kichwa chake kilisafirishwa kwenda Ujerumani. Yeye hakuwa peke yake. Mafuvu zaidi ya 1,000 kutoka Afrika Mashariki yalikusanywa na kuishia Berlin, yakapimwa kwa rula ili kuthibitisha nani yuko chini ya ngazi na nani juu. Mtu akiniambia hapendi mchoro ule wa daftarini kwa sababu anajua waliouchora walimweka wapi, sina la kumbishia. Ngazi ilikuwa uongo, na uongo huo ulitugharimu vichwa.

Ndiyo maana sipendi mjadala huu uanzie kwenye mafuvu, japo tunayo ya fahari. Lile la zamadamu alilolipata Mary Leakey Olduvai mwaka 1959, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75, limo Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert. Nyayo za Laetoli zina miaka milioni 3.6 na ushei. Ila mfupa hauongei. Anayeamini atauona babu, asiyeamini ataona mnyama aliyekufa, na mtabishana mpaka kahawa ipoe. Ushahidi unaoninyima usingizi mimi uko kwenye damu, na nyumba nyingi za Dar es Salaam zinaujua kwa machungu.

Nazungumzia selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Tunawajua watoto hawa: macho ya manjano, viungo vinauma usiku kucha, chupa za damu wodini. Mtoto huumwa akirithi nakala mbili za jeni yenye kasoro, moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye nakala moja huishi bila kuumwa, wengi hata hawajui kama wanayo. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba Tanzania huzaa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na wabebaji wa nakala moja ni kati ya watu 13 na 20 katika kila 100.

Hebu itazame hiyo namba ya wabebaji. Mimi imenikaa kichwani miaka mingi. Kabla ya hospitali za kisasa, karibu kila mtoto mwenye nakala mbili alifariki akiwa mdogo. Maana yake kila kizazi kilizika nakala mbili kwa kila kaburi. Jeni inayojizika hivyo ingepaswa kupungua, na kupungua kwake kunahesabika. Tuseme tunaanza na wabebaji 18 kwa 100, yaani nakala moja mbovu katika kila nakala kumi. Kama kubeba nakala moja hakuna faida yoyote, kizazi kinachofuata itakuwa moja kati ya 11, kinachofuata moja kati ya 12, na kuendelea. Kizazi kikiwa miaka 25, basi vizazi 40 ni miaka 1,000, na hapo itakuwa imebaki moja kati ya 50. Wabebaji wangekuwa wanne kwa 100. Ongeza miaka 1,000 mingine, wabaki wawili. Na miaka 1,000 katika pwani hii si mingi. Kilwa Kisiwani ilikuwa na wafanyabiashara wake tayari.

Lakini hawakubaki wawili. Kuna kitu kilichokuwa kinarudisha zile nakala kila zilipozikwa, tena kwa nguvu ile ile.

Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alikiona. Alipopima damu za watu wa Afrika Mashariki aligundua kwamba wabebaji wamejaa pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na wanakuwa adimu ukipanda nyanda za juu zenye baridi. Hiyo ni ramani ya malaria. Mwaka 1954 akachapisha kwamba mwenye nakala moja ana kinga dhidi ya malaria, na tafiti za baadaye zimeonyesha kinga hiyo hupunguza malaria kali kwa kiasi kinachokaribia asilimia 90. Kwa hiyo mbu alikuwa anachukua watoto wasio na nakala yoyote, selimundu inachukua wenye mbili, na wenye moja ndio waliobaki kuoa na kuolewa. Darwin aliuita mchakato huo uteuzi wa asili. Bibi zetu waliuishi bila jina.

Mpinzani makini ana jibu hapa, na ni jibu la haki: hiyo ni kasoro, si maendeleo, sasa mageuko gani yanayoleta maumivu? Namjibu kwamba ameielewa nadharia kuliko mchoro wa daftari. Uteuzi wa asili hauboreshi kuelekea popote wala hauna huruma. Unabakiza kilichosaidia kufika utu uzima mahali hapo, wakati huo, hata kwa bei ya mtoto mmoja kati ya wanne kwa wazazi wawili wabebaji. Na jeni hii inapatikana pia katika sehemu za Ugiriki, Uarabuni na India, kulikokuwa na malaria. Rangi ya ngozi haihusiki. Ile ngazi ya watu wa Berlin inaanguka yenyewe mbele ya mbu.

Vimelea vya malaria navyo vinateuliwa. Wa rika langu wanaikumbuka klorokwini, ule uchungu wake na muwasho uliokufanya ujikune mpaka damu. Ikaacha kutibu. Mwaka 2001 serikali ikaiweka kando ikaleta dawa nyingine iitwayo SP, nayo ikachoka, na mwaka 2006 ikaja dawa ya mseto tunayomeza mpaka leo. Dawa haikuharibika kiwandani. Iliua vimelea dhaifu, vilivyohimili vikazaliana. Malawi walioiacha klorokwini mapema, mwaka 1993, walikuja kuona jambo la ajabu zaidi: utafiti uliochapishwa 2006 ulionyesha inatibu tena karibu kila mgonjwa. Dawa ilipoondoka, vimelea sugu vikashindwa kushindana na vile vya kawaida. Sasa huko Kagera kumeonekana vimelea vyenye mabadiliko ya vinasaba yanayohusishwa na usugu dhidi ya artemisinini, ambayo ndiyo nguzo ya mseto. Nimewasikia watu wakiponda mageuko huku wakimsisitizia mtoto amalize dozi. Kwa nini amalize, kama vimelea haviwezi kubadilika?

"Sawa," atasema mpinzani, "lakini kimelea kimebaki kimelea, na mtu mwenye selimundu ni mtu." Ni kweli, na hapa ndipo wanaopinga wamejenga ngome yao: mabadiliko madogo tunayakubali, makubwa hakuna aliyeyaona. Ningeweza kuleta furu wa Ziwa Victoria. Ziwa hilo lilikauka yapata miaka 15,000 iliyopita, na bado wataalamu wamehesabu aina kama 500 za furu wasiopatikana kwingine, kabla sangara hajaletwa kuwamaliza wengi wao. Najua nitakachojibiwa. Bado ni samaki.

Basi tuache samaki, twende kwenye khanga.

Binadamu ana jozi 23 za kromosomu, zile nyuzi zinazobeba vinasaba. Sokwe ana jozi 24. Kama tuna ukoo mmoja, jozi moja imeenda wapi? Haiwezi kupotea hivi hivi, mtoto asingeishi. Inabidi iwe kromosomu mbili zimeungana. Na hili linapimika, kwa sababu kila kromosomu ina ncha zenye maandishi maalumu yanayojirudia, kama pindo la khanga, na mahali pamoja tu pa kukamatia, tufanye ndipo lilipo jina la khanga. Fundi akiunganisha khanga mbili ncha kwa ncha, hata akishona vizuri namna gani, utakuta pindo katikati ya kitambaa ambapo pindo halina kazi, na majina mawili badala ya moja. Mwaka 1991 wanasayansi walipochunguza kromosomu namba mbili ya binadamu walikuta pindo hilo katikati, limegeuziana. Na jina la pili lipo, limefifia. Kushoto na kulia ya mshono, vipande vinafanana na kromosomu mbili za sokwe.

Mshono huu ungeweza kukosekana, na nadharia ingepata aibu. Hilo ndilo ninalotaka wapinzani walipime. Nadharia ilijiweka mahali pa kuumbuliwa, haikuumbuka.

Na mantiki yake si ngeni kwetu. Baba akimkana mtoto, ustawi wa jamii wanapeleka sampuli kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, majibu yakija mabishano ya sura na masikio yanaisha. Mwaka 2023 wataalamu wa Berlin walilinganisha vinasaba vya baadhi ya yale mafuvu na vya watu wa Kilimanjaro, na machache yakapata ndugu walio hai, likiwemo la mshauri wa Mangi Meli. Hakuna aliyeona mshauri huyo akizaa. Tumesadiki kwa sababu maandishi ya damu yanafanana kwa namna ambayo ni ukoo tu unaoweza kuieleza. Kusoma maandishi hayo vizazi vinne nyuma na kuyasoma vizazi laki kadhaa nyuma ni kazi moja, urefu ndio unaotofautiana. Anayeikubali ya kwanza akaikataa ya pili ana wajibu wa kuonyesha ni kizazi kipi kalamu ilipobadilika.

Haya yote nilimweleza yule mzee, khanga na yote, mpaka muuza kahawa akaanza kukusanya vikombe. Alisikiliza kweli. Akauliza, "Na roho je?" Nikamwambia hiyo Mkemia Mkuu hana kipimo chake, wala mimi. Akatikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kwa kunihurumia, akalifunga daftari.

"Mjukuu ana mtihani Jumatatu. Wakimwekea mchoro huu aandike nini?"

Nikasema ajibu alivyofundishwa, halafu pembeni achore mti wenye matawi.

"Pembeni hawatoi alama," akasema, akalipa kahawa yake na yangu.