Paka Hafuniki Kawa

Watoto wangu wa darasa la nne wanasoma bila kukwama. Balaa linaanza pale jibu linapokuwa halijaandikwa. Niliwapa sentensi hii: "Asha aliingia ndani akikung'uta mwavuli." Swali: hali ya nje ilikuwaje? Nusu ya darasa wakajibu, "Nje alikuwa Asha." Na Upimaji wa Kitaifa ndio huo unakuja.

Nikaamua kuwatungia kesi. Asubuhi wakiwa mstarini, niliweka sahani kwenye meza ya nyuma: vitumbua viwili vizima na kimoja kilichong'atwa. Nikafunika kawa. Halafu nikachonga kiazi umbo la unyayo wa paka, nikawa nakichovya kwenye unga wa ngano na kugonga sakafuni, kutoka mlangoni mpaka mezani. Mwizi ni paka. Kazi yao ni kueleza wamejuaje. Andalio la somo lilipendeza hadi nikalisoma mara mbili.

Kumbe mgeni wa ukaguzi, tuliyemtarajia saa nne, alikuwa keshafika, na nilipotoka tu akapelekwa darasani kwangu anisubiri. Mgeni wa kwetu akikuta sahani imefunikwa kawa, hahitaji kuambiwa ni ya nani.

Tukaingia, tukamwamkia, nikaanza mbwembwe. "Jamani, vitumbua vyangu vimeguswa! Nani kagusa?" Nikafunua kawa. Sahani nyeupe pe. Hata kile kilichong'atwa hakipo, na hicho ndicho kinachonisumbua mpaka leo, maana nilikuwa nimeking'ata mimi.

Nikajikaza. "Angalieni dalili."

"Paka!" wakapiga kelele. Nikashusha pumzi.

Binti mmoja wa dawati la mbele, ambaye kwa kawaida hata jina lake hulitaja kwa kunong'ona, akanyoosha kidole. "Mwalimu, nyayo zimekuja, hazijarudi. Paka yuko wapi?"

"Halafu paka hafuniki kawa," akadakia jirani yake.

"Basi ni mtu."

"Mtu mwenye adabu."

"Mtu mzima! Mtoto angekula akakimbia."

Muhula mzima nimewabembeleza wachanganye wanachokiona na wanachokijua kutoka nyumbani, wakagoma. Siku hiyo ndiyo wakakubali. Walikuwa wameshapiga magoti sakafuni, wakagundua nyayo kadhaa za paka zimekanyagwa, na alama ya kiatu inatoka mezani kwenda kwenye kiti cha mgeni.

Darasa zima likageuka. Mgeni akazama kwenye faili lake.

"Haya, fungueni vitabu," nikasema. Nani asikie?

Kiranja akamsogelea, mikono nyuma. "Shikamoo."

"Marahaba."

"Tunaomba kuona soli ya kiatu."

Sijui ni mshangao au ni kuheshimu sheria, lakini mzee wa watu akainua mguu. Nyeupe kama ukuta wa msikiti. Shangwe iliyopigwa ilimtoa mwalimu mkuu ofisini.

Mwisho wa kipindi mgeni akasaini andalio langu, akaacha doa la mafuta la kidole gumba pembeni ya sahihi. Kwenye maoni aliandika: "Wanafunzi ni wadadisi kupita kiasi."

Nikamsindikiza. Tulipofika barazani akakohoa kidogo, akaniuliza vitumbua vile nanunua kwa nani.

Dirishani kulikuwa na kichwa. Kikageukia ndani: "Amekiri!"