Nataka mkoba mmoja tu, jamani

Ukitaja tu kwamba uko Guangzhou, China, ushauri unamiminika: "Nenda Sanyuanli, mikoba bwerere!" Hakuna anayemalizia sentensi: bwerere kwa anayechukua dazeni tano.

Nilikwenda kumtafutia mama mkoba. Mmoja. Mweusi, wenye zipu mbili, maana mama haamini zipu moja. Muuzaji hakuinua hata kichwa. Akabonyeza kikokotoo, akanigeuzia: bei, halafu idadi, 50. Nikaonyesha kidole kimoja. Akakitazama kidole, akanitazama mimi, akarudi kula wali wake.

Haya, nikaelekezwa Shisanhang kwenye nguo. Huko biashara huanza alfajiri, na mimi nimefika saa nne na usingizi wangu. Viroba vinaburutwa kila upande. Ukizubaa, kitoroli kinakupanda kisigino. Midoli barabara ya Yide? Jumla vilevile. Na akitokea mwenye huruma wa kukuuzia kimoja, anakunyooshea msimbo wa kuskani kwa simu. Noti yako ya yuan 100? Chenji hana.

Wauzaji siwalaumu, hayo ni maduka ya jumla. Wanaonikera ni nyie wenyeji wa Xiaobei, mtaa wenye Waafrika wengi hapa Guangzhou, mnaotuelekeza kana kwamba kila Mswahili ana kontena bandarini. Mgeni mwenye begi la kilo 23 mwambieni tangu mwanzo aende Barabara ya Beijing au Shangxiajiu, alipe bei ya rejareja, alale.

Mkoba niliupata huko, saa mbili usiku. Una zipu moja.